Pengo la Beti ya Tatu

Chuo cha Muziki, ghorofa ya pili
3 Februari

Mzee Dole,

Shikamoo. Hunijui, ila mimi nakujua sana, kwa hiyo tuanzie hapo. Mimi ni mwalimu wa gita la besi. Nina wanafunzi kumi na mmoja, na mkubwa wao ni dereva wa lori wa miaka hamsini na mbili ambaye kidole chake kimoja kinakanyaga nyuzi mbili. Wote nawafundisha kwa nyimbo ulizopiga wewe. Najua jina lako halimo kwenye majalada ya kanda. Yamo majina ya waimbaji, na picha zao wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Lakini mimi nikisikia noti tatu tu najua huyu ni Dole, anayepiga kwa dole gumba peke yake kama mtu anayemenya viazi.

Nikuambie ninachokipenda? Kwenye "Pazia la Kijani" besi yako haimfuati mwimbaji, inamjibu. Yeye analalamika, wewe unamwambia haya, haya, yatapita. Kwenye "Rudisha Ungo" unapiga noti mbili tu wimbo mzima. Mbili! Nimejaribu kuongeza ya tatu, mzee wangu, na kila nikiongeza naharibu.

Lakini hakuna kama "Kiti cha Jirani". Beti ya tatu inaanza, kila mtu anakusubiri uingie, na wewe huingii. Kimya, mapigo mawili mazima. Halafu unateleza kutoka chini taratibu, kama mtu aliyechelewa kikao na hataki kuwasumbua waliokaa. Wanafunzi wangu wanaliita pengo, na wakifika hapo hupiga makofi. Mimi nililisikia nikiwa na miaka kumi na minne, na siku hiyohiyo nikamwambia mama kwamba kinanda basi, nataka besi.

Sasa naandaa kijitabu cha mafunzo. Nimeandika mistari yako kumi na miwili, noti kwa noti, na pengo ndilo linalofungua kitabu. Nataka niweke na kile kisa ulichokisimulia redioni miaka ile, kwamba mpiga drams alipotea, nawe ukanyamaza kumsubiri mpaka ajipate. Nilikisikia nikiwa jikoni, nikazima jiko ili nisikose neno. Naomba ruhusa yako. Kitabu kinaingia kiwandani mwisho wa Aprili.

Mwanafunzi wako usiyemjua,
Mwalimu


Nyumbani
17 Februari

Mwalimu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Mke wangu kauliza ni nani huyo ananiandikia kurasa zote hizo. Nikamwambia ni shabiki. Amecheka mpaka akatafuta pa kukaa. Anauliza hao mashabiki walikuwa wapi siku nilipochemsha nyuzi za gita kwenye sufuria yake ya maziwa.

Ni kweli, nilikuwa nachemsha. Nyuzi mpya hazikuwa zikipatikana, na za zamani zikishanywa jasho zinakuwa bubu. Unazichemsha robo saa na siki kidogo, unazifuta, zinapata ujana wa wiki moja. Hilo liandike, lina faida. Na "Rudisha Ungo" ni noti mbili kwa sababu uzi mmoja ulikatika na mwingine ulikuwa njiani kukatika. Hilo usiliandike.

Unatusifu mno. Sisi tulikuwa vibarua wa studio. Asubuhi bendi, mchana bendi nyingine, jioni tangazo la sabuni. Nani alikuwa na nafasi ya kutunga? Mkono ulikuwa unajiendea.

"Kiti cha Jirani" kiache. Weka "Pazia" mbele, ndio wimbo wa maana. Na kisa cha redioni, mtu akiwekewa kipaza sauti mbele husema mengi. Yule mpiga drams yupo, mzima wa afya. Ni shemeji yangu, kamuoa dada yangu mdogo. Siku hizi ni fundi cherehani mkabala na mahakama, mji wa pili kutoka hapa, na muziki alishauacha kitambo. Ni mtu mzima, usimsumbue.

Dole


Chuo cha Muziki
1 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu kwenye ngazi. Yaani mtu anasifiwa, anasingizia nyuzi zilikatika! Sikubali. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na pengo lako limejiuza lenyewe miaka yote hii bila hata jina lako jaladani. Linabaki mwanzoni mwa kitabu. Jumamosi dereva wangu wa lori amelipiga bila kukosea kwa mara ya kwanza, na darasa zima likasimama.

Ukurasa wenyewe unasema hivi: "Mpiga drams alipoteza mapigo. Mwingine angeendelea na kumwacha aaibike. Dole alinyamaza akamsubiri, kama mzazi anayemsubiri mtoto amalize kufunga kamba za viatu." Nimeuandika mara saba mpaka ukanikaa.

Kitu kimoja tu kilinikera moyoni. Kumchapa mtu kitabuni kwamba alipotea, na yeye yupo hai wala hana habari, si adabu. Kwa hiyo nimemwandikia shemeji yako, "Fundi Cherehani, mkabala na mahakama", nikamtumia ukurasa huo na kumwomba radhi mapema. Najua umesema nisimsumbue. Lakini ningekuwa mimi, ningependa kuulizwa. Sijakosea, au vipi?

Mwalimu


Nyumbani
11 Machi

Mwalimu,

Umekosea. Nilikwambia nini? Nani alikutuma?

Nimeandika hayo hapo juu, nikatoka, nikazunguka uani, nimerudi. Hukukosea. Aliyekosea ni mimi. Kaa chini usome.

Siku ile asubuhi nilirekodi na bendi nyingine. Wimbo wao ulikuwa na kituo mwanzo wa beti ya tatu: besi inanyamaza mapigo mawili, halafu inaingia. Tuliurudia mara tisa. Mchana nikala mkate nimesimama, nikaingia kupiga "Kiti cha Jirani" na bendi yake. Mwendo uleule, sauti ileile. Beti ya tatu ilipofika, mkono wangu ukapiga wimbo wa asubuhi. Basi. Pengo lako si la wimbo huo, mwalimu. Nilisahau niko wapi. Nilipozinduka nikateleza kutoka chini, watu wasisikie ninavyoingia.

Shemeji alikuwa kwenye kile kibanda cha kioo, amevaa hedfoni zilizokufa sikio moja. Besi ilipokatika, mguu wake kwenye pedali ya ngoma kubwa ukajikwaa mara moja, ukarudi. Yeyote angejikwaa. Ni kama kumwondolea mtu ngazi akiwa anashuka. Tulipomaliza, mwenye studio akauliza, "Nani kapotea beti ya tatu?" Saa yetu ilikuwa imekwisha, watu wa kwaya wako mlangoni, ile kanda ndiyo ingebaki kama ilivyo. Mimi nikaelekeza kidevu kwenye kioo.

Kidevu tu. Sikusema neno. Nimejitetea kwa hilo miaka thelathini na moja, kwamba mimi sikusema neno.

Mwenye studio akamwambia shemeji, mbele yetu sote, "Mguu wako hauna saa." Hakuitwa tena pale. Wala hakuitwa kwingine, maana mafundi mitambo wa mji ule wote walikuwa wanakunywa chai meza moja. Mimi niliendelea kuitwa. Wiki ile ile nilikuwa nimeonywa kwa kuchelewa, nyumbani mke ana mimba. Hiyo si sababu, naiandika tu. Niliogopa.

Kisha wimbo ukavuma, na watu wakaanza kusifu pengo. Mtangazaji akaniuliza lilitoka wapi, na kabla sijafikiri ulimi ukasema kile kilichosemwa na kidevu. Sasa wewe unaniita mzazi wa kufunga viatu. Nimeona haya mpaka nikaficha barua yako chini ya godoro, mtu mzima na mvi zangu.

Usichapishe. Na akikujibu, niambie kasema nini. Mimi siwezi kumuuliza.

Dole


Mkabala na mahakama
13 Machi

Kwa Mwalimu wa muziki,

Salamu. Barua yako imenikuta napiga pasi suruali ya hakimu. Asante kwa kuniuliza, wengine wangechapa tu.

Ruhusa unayo. Ni kweli nilipotea. Nikuambie wazi, mimi mwenyewe sikusikia nikipotea, nilidhani niko sawasawa. Lakini sikio la shemeji halikosei, mtu yeyote wa zamani atakuambia. Kama yeye kasema redioni ni mimi, basi ni mimi. Mpiga drams anamwegemea mpiga besi kama unavyoegemea ukuta wa nyumba yako, huanzi kuupima.

Nilijaribu tena baadaye, kwenye ukumbi wa hoteli. Haikuwezekana. Nikikaa tu nilikuwa nausikiliza mguu badala ya kuusikiliza wimbo, na mguu ukiusikiliza haukutii. Nikaachana na ngoma, nikajifunza cherehani. Sinung'uniki, nguo zimetulea. Binti yetu akiwa mdogo alianza kuonyesha dalili za kupenda kupiga, nikamkataza mapema, nisije kumrithisha aibu. Sasa ni mtu mzima, yuko ofisi ya maji.

Naomba kitu kimoja. Ukiandika, usisahau uungwana wa shemeji. Kila yeye na mkewe wakija kututembelea, tukishakula, huwa namwomba radhi kwa wimbo ule. Naye hunijibu, "Yamepita, shemeji, ongeza mchuzi." Miaka yote hajanicheka hata mara moja. Watu wa namna hiyo ni wachache.

Wako,
Fundi Cherehani


Chuo cha Muziki
24 Machi

Mzee Dole,

Shikamoo. Nakutumia barua ya shemeji yako kama ilivyo. Nimeshindwa kuifupisha.

Jana nilifunga mlango wa darasa nikasikiliza "Kiti cha Jirani" kwa hedfoni, ngoma peke yake, besi nikijifanya siisikii. Mguu wake unajikwaa baada ya wewe kunyamaza. Baada, si kabla. Kitu hicho kiko wazi kabisa, hata dereva wangu wa lori angekisikia. Miaka sita nafundisha wimbo huu na sikuwahi kukisikia, kwa sababu redio ilishaniambia nisikie nini. Na si hivyo tu. Darasani nilikuwa namwita yule mtu "Bwana Kapotea", na wanafunzi wanacheka, na mimi nacheka nao. Naona aibu hata kuandika.

Ukurasa nimeutoa. Lakini shemeji yako anangoja jibu langu, na sitamjibu mpaka wewe umwandikie. Nikimwambia "asante kwa ruhusa" huku najua, nitakuwa nimeelekeza kidevu na mimi.

Sikukemei, wewe ni mkubwa wangu. Na bado napenda unavyopiga, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Mwalimu


Nyumbani
4 Aprili

Shemeji,

Hii ni karatasi ya nne. Tatu za kwanza zilianza na hali ya hewa.

Hukupotea. Nilipotea mimi. Mkono wangu ulipiga wimbo wa bendi ya asubuhi, wewe ukabaki huna pa kuegemea, ukayumba kidogo ukarudi mwenyewe, na katika sisi sote wewe ndiye uliyekuwa sawa siku ile. Mwenye studio alipouliza, nilikuelekezea kidevu. Hukuniona, ulikuwa umeinama unafunga pedali. Umemwambia mwalimu kwamba sikio langu halikosei. Halikukosea. Lilisikia kila kitu, mimi ndiye niliyedanganya.

Nilitaka kukuambia wiki ile ile. Nikasema acha hasira za mwenye studio zipoe. Zikapoa, wewe hukuitwa, nikasema acha apate kazi kwanza. Ukapata cherehani, nikasema sasa ana maisha yake, nitamvuruga. Kila mwaka nilipata sababu mpya, nzuri kuliko ya mwaka jana. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sijafa, nimeona bora nijiumbue mwenyewe.

Nimekukosea, shemeji. Nimekula kazi yako na nimekula sifa yako. Naomba unisamehe, na usiponisamehe nitaelewa. Msalimie dada, ukiona bado anataka salamu zangu.

Dole


Mkabala na mahakama
16 Aprili

Shemeji,

Nimesoma. Nikamsomea na dada yako. Kainuka, kaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Mimi nilikaa kwenye cherehani nikawa nakanyaga bila kitambaa, nausikiliza mguu. Uko sawa. Miaka yote hii umeshona suruali za watu bila kuruka mshono, na mimi nikiuona kilema.

La kidevu nalielewa. Sikubali, lakini nalielewa, mtu akiogopa kazi hufanya ya ajabu. Lakini niambie hili. Nilikuomba radhi mara ngapi? Nyumbani kwangu, mezani kwangu, mke wangu anasikia. Na wewe ukanisamehe. Ukanisamehe, shemeji! Kosa lako, ukanisamehe mimi, ukaniambia niongeze mchuzi. Hapo nimejaribu kuelewa siku kumi na sijaweza.

Haya, na hilo nalo liache. Kazi imeshapita, mimi ni mzee, nimeshona nimeshona. Kuna kitu kingine hukukiandika. Nimeisoma barua yako mara tatu nikikitafuta, hakimo. Na najua unakikumbuka, kwa sababu ulikuwa umekaa kwenye kochi letu la kijani na kikombe mkononi.

Binti yetu alikuwa na miaka tisa. Kapindua beseni, kachukua vijiko viwili, anapiga. Nikamwambia aache, sisi damu yetu haishiki mapigo, atakuja kuaibika mbele za watu. Akaacha. Akageuka akakutazama wewe, maana wewe ndiye uliyekuwa mtu wa muziki katika nyumba ile. Akakuuliza, "Mjomba, nimekosea?" Ukanywa chai.

Mimi sikuwa na sikio tena, nilikuwa nimekukabidhi wewe. Ningejuaje? Wewe ulijua. Nikamnyang'anya vile vijiko na wewe unajua. Mkono ulionyang'anya ni wangu, na hilo nitalibeba mwenyewe, lakini ungesema neno moja tu ningeacha.

Kwa hiyo usianze na mimi. Mwandikie yeye. Sijamwambia lolote, nimekuachia. Ukishamwandikia, njoo, tutakaa mimi na wewe, na sikuahidi nitakuwa na maneno mazuri. Mwalimu mwambie arudishe ule ukurasa kitabuni, ila aandike kilichotokea.

Shemeji yako
(Nilitaka kuweka jina tu. Dada yako kasema niandike shemeji.)


Nyumbani
22 Aprili

Mpwa wangu,

Utashangaa mjomba kukuandikia wakati simu ipo. Kwenye simu ningeanza kutania.

Kuna mambo kati yangu na baba yako. Nilimkosea sana kabla wewe hujajua kutembea vizuri. Muulize, atakueleza, na yote atakayokuambia ni kweli. Mimi hapa nina moja tu, na ni la kwako.

Ulikuwa na miaka tisa. Ulipiga beseni kwa vijiko viwili, karibu dakika kumi. Nilikuwa nakuhesabia kimoyomoyo, ndiyo kazi iliyonilea, siwezi kujizuia. Hukuharakisha, hukuchelewa, hata ulipocheka mkono haukuyumba. Nimepiga na watu wazima wengi wasioweza hivyo. Baba yako alikuzuia kwa sababu mimi nilimfanya aamini uongo, na nilikuwa nimekaa palepale naweza kuufuta. Uliniuliza swali, nikatazama kikombe changu.

Hapana, mwanangu. Hukukosea.

Mjomba wako